Mizigo ya Watu

Sina cheti cha kazi hii, ila nyumba hamsini na tatu
nimezihamisha kwa mgongo wangu na wa punda,
Mkomani hadi Wiyoni, Langoni hadi Kashmiri.
Vichochoro vyetu havina siri: kabati likikwama kwenye kona
jirani hutoka na vikombe vyao vya kahawa kushauri,
na maisha ya mtu yamelala hapo, miguu juu,
yakisubiri tuyageuze ubavu.

Sipekui. Bega lenyewe hujua.

Bi Somoe, mtaa mzima wamjua kwa mkono wa birika,
alinikabidhi sanduku la bati, zito kama nanga.
Nikasema moyoni: ndizo hizi fedha.
Kifuniko kikafunguka ngazini, zikamwagika funguo,
funguo za kila nyumba aliyopanga tangu aolewe,
kila mmoja na uzi wake:
mwekundu, wa kijani, mmoja mweusi ambao hakuutaja.
"Watu hubadili nia," akasema, "huenda wakaniita nirudi."
Tukaziokota sote wawili, kwa magoti.
Bakshishi hakunipa.

Kwa Maalim Famau, aliyetufunza kwa bakora,
nilitaraji vitabu, na vitabu vilikuwako,
lakini ndani ya vidaka, nyuma ya vitabu,
gololi zetu. Filimbi. Tiara iliyokunjwa.
Kila kitu na karatasi yake, na jina, kwa mwandiko ule ule wa kutisha.
Manati yangu: Lali wa Shali, darasa la nne. Arudishiwe akitulia.
Nina miaka arobaini na moja.
Nikaifunga pamoja na vingine, nikaipakia.
Pengine alikuwa anangojea bado.

Na yule kijana aliyejenga ghorofa, simtaji jina:
makochi yangali ndani ya nailoni,
saa tatu za ukutani, zote zasema kweli.
Nilibeba kutwa nzima vitu visivyo na ufa,
hata sahani moja iliyowahi kuungwa kwa gundi.
Nilipomaliza nisingeweza kukwambia kama anapenda samaki.

Kisha Shufaa.
Ningeweza kumtuma hamali mwingine. Nikasema la,
mimi ndiye nijuaye vitu vyake vishikwe wapi.
Cherehani. Mbuzi ya nazi, meno yamelika upande mmoja,
maana hukuna kwa hasira na akipakua huwa mpole.
Chetezo. Mto mmoja kati ya miwili.
"Vya watu wote umevisoma," alisema akikunja mkeka,
"vyangu umevibeba tu."
Akatangulia njia ya Matondoni. Nikabaki nyuma na punda.

Nusu ya njia, penye kisima, nikavunja mwiko wangu.
Nilipekua. Nilikuwa najitafuta mwenyewe humo.
Picha hapana. Barua hatukuandikiana, tulilala chumba kimoja.
Ila ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa,
uzi wenye mafundo mawili.
Nikaujaribu hapa na pale: si kiuno, si shingo.
Nikauzungusha kichwani, juu ya masikio.
Fundo likakutana na fundo.
Alinipima lini? Nikiwa nimelala, lazima.
Kofia yenyewe sikuiona.
Punda alinitazama kama shahidi asiyetaka kuitwa.

Nikaurudisha, nikafunga kopo, nikafikisha mzigo.
Mamake alinilipa taslimu.

Chumba changu sasa ni safari moja, punda hatoi jasho:
redio, ndoo, shati la Idi.
Ukutani misumari miwili.
Kamba ya kazi naitundika kwenye wake.
Wangu nautazama tu; sijui nitundike nini.